Hesabu ya Viatu

Jengo hili lilikuwa kiwanda cha viatu.
Hadi leo ukipiga deki kwa maji ya moto
harufu ya ngozi huamka kwenye mbao.
Mimi ndiye mwenye funguo, mimi ndiye mwenye ndoo,
na kwa miaka kumi na tisa hapa Wellingborough
nimewahesabu wafuasi kwa viatu vyao mlangoni.

Alhamisi ni watu wa Swami Akhilnath.
Jozi kumi na moja. Zilikuwa kumi na nne
kabla ya baridi ile iliyoondoka na Bi Maureen
na wale ndugu wawili wa mtaa wa nyuma.
Viatu vya kubandika, si vya kamba,
visigino vimelika upande,
kimoja kina soli ya nyongeza kwa mguu mfupi.
Swami mwenyewe sikumkuta. Wanasema alishuka kituoni
mwaka sabini na mbili, na sanduku moja na kikohozi,
akawafundisha kuvuta pumzi na kuiachia,
basi, hivyo tu, miaka minne,
akarudi kwao, akafa, hakuacha hata picha ya maana:
hii iliyopo anatazama pembeni,
kama mtu aliyeitwa jikoni.

Jumamosi ni ya Mata Sukhadevi.
Viatu hufurika hadi kwenye ngazi,
raba nyeupe za bei ya mshahara wangu wa wiki.
Mata yuko ukutani, mkubwa kama mlango wa gereji,
anasema kutoka California, au kutoka juzi, sijui.
Mtandao ukiyumba sauti yake hukatika,
na watu mia mbili husubiri macho wameyafumba
mpaka kile kiduara kimalize kuzunguka.
Pembeni kuna meza: ubani, vikombe, shali,
na daftari la kuandikia shukrani, pauni kumi na nane.

Ningependa kusema najua yupi ni yupi.
Debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo,
lakini alikuja kijana mmoja, Callum, mikono imejaa makovu,
akasimama na buti zake, hakutaka kuvua. Nikamwacha.
Jumamosi ya sita akavua.
Soksi zina matundu. Hakuna aliyetazama.
Hilo limo kwenye hesabu ya Mata, siwezi kulifuta.
Na wale wazee wa Alhamisi nimewasikia
wakigombana robo saa nzima
nani kakalia mto wa nani.

Hansaben Lodhia huja kuchukua masufuria ya hekalu.
Alizaliwa Korogwe; Kiswahili chake
kimebaki na umri wa miaka kumi na sita.
Nikamwuliza: kati ya hawa wawili,
nani hasa kaileta India hapa?
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Weye Sengasu! Mama yangu alivuta pumzi vilevile
akingoja wali uive. Hakumtoza mtu."
Kisha, akifunika sufuria:
"Lakini pia hakuna aliyemwuliza."

Nimelala na neno hilo.
Kwetu hakuja swami. Ilikuja chapati,
ikaja bima, hundi, laki, bangili,
ikaja pesa yenyewe,
maneno yakavua viatu mlangoni pa lugha
yakaingia, yakakaa,
na leo mtoto wa Handeni ukimwambia
chapati ina kwao kwingine
atakutazama kama umemtukana bibi yake.
Labda ndivyo mwalimu anavyopimwa:
siku watu wanaposahau kwamba aliwahi kufika.

Au labda huo nao ni wizi.

Saa nne usiku. Nafunga madirisha.
Imebaki jozi moja, ya buluu, midogo;
mtu kaondoka pekupeku kwenye barafu
au kavaa vya mwenzake.
Naviweka juu ya bomba la joto vikauke.
Nasimama kidogo na ndoo yangu.
Navuta pumzi,
ngozi, ubani, sabuni ya deki,
naiachia.